Oili Mpya kwenye Pikapu ya Baba

Elmdal, Minnesota
Jumapili, 9 Machi 2014

Mdogo wangu mpendwa Loren,

Pokea salamu zangu, na zikukute umeamka, umevaa, na umekaa mahali penye mwanga wa kutosha kusomea. Mimi mwili ni mzima, isipokuwa lile goti la kushoto unalolijua. Baridi imelegea kidogo wiki hii. Jana mchana maji yalidondoka kutoka paa la ghala kwa saa mbili nzima, kisha yakaganda tena. Paka wa Mama bado analala juu ya kiti chake pale jikoni, nami simwondoi. Jikoni shuleni ninakofanya kazi wamenivumilia sana na wanakusalimu, hata wale ambao zamani hawakuwa wakikutaja.

Sijui kama utaisoma barua hii. Mbili zilizotangulia zimerudi zikiwa na muhuri wa kukataliwa. Jumamosi mbili nimeendesha maili mia na themanini kuja huko, na mara zote mbili yule mama wa mapokezi amepiga simu ndani, amesikiliza, kisha akaniambia kwa upole kwamba hutaki kutoka. Safari hii nimeipitisha barua kwa kasisi wa gereza lenu. Alinipigia Jumatano. Aliniambia umeacha darasa la ufundi, na kwamba sinia lako la chakula linarudi lilivyokwenda. Kisha akaomba aniulize jambo ambalo halielewi. Alisema, "Loren ananiambia amemuua mama yake kwa oili. Samahani dada, oili gani hiyo? Ya kupikia?"

Loren, nilikaa chini sakafuni na simu sikioni. Nilimwambia tu kwamba nitaandika, naye akaahidi kukuwekea barua mkononi, na kama utataka kuichana uichane mbele yake. Najua pia kwamba itafunguliwa na kusomwa na wengine kabla yako. Na waisome.

Nitaanza mwanzo na kwenda taratibu, kwa sababu wewe una vipande tu, vya dakika kumi na tano kumi na tano kwenye simu, na vipande hivyo umevipanga vibaya. Kosa la kuvipanga vibaya si lako.

Unakumbuka kwamba hita ya injini ya pikapu, ile ya umeme ya kuipasha joto usiku, iliungua mwezi wa Novemba. Tulikuwa tunalaza gari na waya umechomekwa ukutani kama kila mtu hapa, na asubuhi moja, Jumanne ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani, nikatoka saa kumi na moja alfajiri nikakuta injini baridi kama jiwe la mtoni. Ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Nilizungusha ufunguo, ikaguna mara mbili, ikanyamaza. Mama alikuwa tayari amevaa. Alikaa jikoni na koti lake, kofia yake na mkoba mapajani, tangu saa kumi na moja hiyo mpaka saa tatu, kama abiria aliyesahauliwa stesheni. Kila nilipoingia kupasha mikono aliniuliza kama kiti chake kule kliniki watampa mtu mwingine. Nilimwambia hapana. Tulipofika hatimaye, walikuwa wamempa mtu mwingine, akasubiri mpaka saa nane ndipo akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu.

Fundi wetu wa magari, Delmar Stenerud, ndiye aliyekuja kutuwasha siku ile kwa nyaya zake. Alisema betri ni nzima na stata ni nzima. Hita yenyewe alijaribu kuing'oa akashindwa, imeshikana na chuma kwa kutu ya miaka ishirini na mbili, na akaogopa kwamba akiilazimisha injini itapata ufa. Tatizo, alisema, ni oili. Kwa baridi ile oili ya kawaida inakuwa kama asali ya kwenye friji, na injini haina nguvu ya kujikoroga ndani yake.

Nilikueleza hayo yote kwenye simu. Juma lililofuata ikaja barua yako ya kurasa nne, kwa penseli, pande zote mbili. Bado ninayo. Uliandika kwamba mwalimu wenu wa ufundi anasema ile hofu ya kuweka oili ya sintetiki kwenye injini ya zamani ni maneno ya vijiweni, kwamba sintetiki haigandi, kwamba inafika juu ya injini kabla chuma hakijasuguana na chuma. Ulinichorea mahali pa nati ya kumwagia. Uliniagiza nibadilishe na filta, na baada ya maili elfu moja tu nimwage tena, kwa sababu oili ya kwanza itatoka na uchafu wa miaka yote. Na kule chini uliandika, "Baba angenipiga kofi, lakini Baba hakuwa na mgonjwa wa kupeleka kliniki mara tatu kwa wiki."

Ni kweli angekupiga. Unamjua. Tangu alipoinunua pikapu ile hakubadilisha aina ya oili hata siku moja. Kila maili elfu tatu, oili ileile, chupa zilezile, na alikuwa akisema injini mzee haibadilishiwi uji. Gari lilikuwa limefika maili laki mbili na tisini elfu kwa uji huohuo.

Niliichukua barua yako nikampelekea Delmar. Alicheka kwanza. Alisema, "Verna, injini hii ni bibi wa miaka tisini. Ameishi kwa kahawa na siagi na hajawahi kuugua. Leo unataka kumpeleka mazoezini?" Kisha akavaa miwani, akaisoma kurasa zote nne akiwa amesimama, akarudia ukurasa wa tatu. Akasema unajua unachosema, ila unazungumzia injini ya kitabuni. Akanieleza kwamba ndani ya injini yetu mna tope jeusi la miaka mingi, na sili zake, zile pete za kuzuia oili isivuje, zimekauka kama ngozi ya kiatu kilichoachwa darini. Tope lile ndilo linaloziba nyufa. Oili mpya ina sabuni ndani yake, itaosha kila kitu. "Ikishaosha," akasema, "utakuja kuniona."

Lakini alikubali, kwa sababu hata yeye hakuwa na shauri jingine. Tuliifanya kazi Jumamosi mchana, tarehe saba Desemba, baada ya kliniki. Mama hakutaka kubaki ndani ya gari la Delmar kwenye joto, alitaka kuona. Tukamkalisha juu ya matairi mawili, blanketi magotini na kikombe cha kahawa ambacho hakutakiwa kunywa chote. Oili ya zamani ilishuka nyeusi, nzito, ikakatika vipandevipande kama molasi. Ile mpya nilimimina mimi mwenyewe, ina rangi ya chai isiyo na maziwa. Mama akauliza kama inanukia. Delmar akamnusisha chupa. Mama akasema inanuka kama Baba alipokuwa anarudi shambani, ila Baba aliyeoga.

Jumanne iliyofuata ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Nilitoka na moyo mkononi. Sikumaliza hata kuzungusha ufunguo, ikanguruma. Mama aliyekuwa mlangoni akapiga makofi na glovu zake, akaniambia, "Hebu mwone bibi kizee alivyoamka!" Jumapili nilikusimulia, ukacheka mpaka mtu wa nyuma yako kwenye foleni ya simu akauliza kuna nini. Sikuwa nimekusikia ukicheka tangu siku ya hukumu. Nataka ulijue hilo, kwamba majuma matatu yale ilikuwa furaha nyumbani humu, na furaha ile ilitoka kwenye penseli yako.

Matone tuliyaona siku ya pili baada ya Krismasi. Nilirudisha gari nyuma, nikaona juu ya theluji madoa ya kahawia kama mtu ametema tumbaku. Delmar alijilaza chini ya gari, akakaa huko muda mrefu, akatoka bila kunikumbusha kwamba alishanionya. Sili ya nyuma ya krenki ilikuwa inavuja, na ile ya sufuria ya oili pia. Nilimwuliza kama oili yetu ndiyo iliyoziharibu. Akasema hapana, akasema maneno ambayo nimeyashika: "Oili haijatoboa kitu. Imekuta mlango uliokuwa wazi miaka mingi, umeegemezwa takataka tu." Kuitengeneza kungetaka kushusha gia boksi, na mgongo wake hauruhusu kazi hiyo kwenye saruji ya Januari. Alisema tusubiri theluji iyeyuke. Nilimwuliza tena kama turudie oili ya zamani. Akapangusa mikono, akaniambia, "Chagua mwenyewe, dada. Ivuje, au isiwake."

Nilichagua ivuje. Nilikuandikia, nawe ukanijibu upesi kwamba nisiogope, nipime kwa kijiti kabla ya kila safari na niweke chupa mbili nyuma ya kiti daima. Nilifanya hivyo, Loren. Kila safari, gizani, na tochi mdomoni, nilivuta kile kijiti nikakipangusa nikakirudisha nikakivuta tena kama ulivyonifundisha ukiwa na miaka kumi na minne na mimi ishirini na miwili, ukinicheka. Sikuwahi kuacha hata mara moja. Shika neno hilo kabla hujasoma mbele.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuliona, kwa sababu hukuwepo na kwa sababu Mama hakutaka ulione. Sauti ile aliyokupa kila Jumapili, ile ya utani, ya kukuuliza kama wanakupa viazi vya kutosha, alikuwa akiiweka akiba tangu Ijumaa. Akishakata simu alilala mpaka Jumatatu mchana. Mkono wa sindano ulikuwa umevimba ukawa hautoshi kwenye mkono wa gauni, nikayakata magauni yake yote. Mashine ikishamwachia, misuli ya miguu ilikuwa inamkaza akalia kama mtoto, ndani ya gari, maili sitini na moja, na mimi nikiendesha kwa mkono mmoja na wa pili ukimkanda goti. Mwezi wa Desemba alianza kusahau majina. Si lako. Langu alilisahau mara mbili.

Ulivyoambiwa ni hivi: kwamba Jumanne ya tarehe kumi na nne Januari gari lilikufa njiani, kwamba oili ilivuja yote injini ikakwama, kwamba tuliokotwa na mkulima mmoja tukarudishwa nyumbani, kwamba Alhamisi ilikuja tufani barabara zikafungwa, na kwamba Mama alipokosa mashine siku hizo mwili wake ulijaa maji akaondoka. Hayo uliyasikia kwa Mama mwenyewe, kisha kwangu, na habari ya kifo ukaletewa na kasisi. Ukayajumlisha, ukapata jumla yako. Oili ni yangu, gari lilikufa kwa oili, Mama alikufa kwa gari.

Tufani ya Alhamisi ilikuwa ya kweli. Mengine yote ni uongo.

Asubuhi ile tulitoka saa kumi na moja na robo. Kijiti kilisoma vizuri. Maili ishirini hivi kutoka nyumbani, pale barabara inapopita kando ya ghala kubwa la nafaka, taa nyekundu ya oili iliwaka. Nilifanya ulivyonielekeza, sikungoja hata sekunde kumi. Nikaweka pembeni, nikazima injini, nikafungua boneti. Kijiti kilikuwa kikavu chini kabisa, kwa baridi ile uvujaji ulikuwa umeongezeka. Nikamimina chupa zote mbili. Nikangoja ishuke, nikapima, ikasoma katikati. Nikawasha. Iliwaka mara moja, taa ikazimika, injini ikatulia ikaimba kama cherehani. Gari halikufa, Loren. Gari halijafa mpaka leo. Liko hapa nje dirishani, na ndilo lililonileta huko Jumamosi zile mbili. Muulize yule mama wa mapokezi alinisajili na gari gani.

Niliingia ndani nikavua glovu, nikamwambia Mama tumechelewa dakika kumi tu. Akaniuliza, "Limepona?" Nikamwambia limepona. Akatazama mbele, hata hakugeuza shingo, akasema, "Basi geuza."

Nilidhani amesahau kitu. Nikamwuliza amesahau nini. Akasema, "Sijasahau kitu, Verna. Geuza unirudishe nyumbani. Kile kiti chao kimenichosha. Nataka kiti changu."

Nilimbishia. Nilimwambia zimebaki maili arobaini, nilimwambia apumzike Alhamisi kama anataka lakini leo aende. Nilimtaja daktari. Nilikutaja wewe, na naona aibu kwamba nilikutaja kama mtu anavyomwonyesha mtoto pipi. Nikasema, "Mama, Loren anatoka mwakani." Hapo ndipo aliponigeukia. Alisema, "Miezi kumi na minne. Nimeihesabu kila usiku, usifikiri sijui kuhesabu. Siifikii, mwanangu. Nimemngoja kwa kadiri ya mwili wangu, na mwili umekwisha kabla yake."

Gari lilikuwa linanguruma pale pembeni na hita ya ndani inatupulizia miguuni. Lori moja la maziwa lilipita likatutikisa. Nilishika usukani. Hakuna aliyenishika mkono, na Mama hakuwa na nguvu ya kunilazimisha. Kama ningekanyaga mafuta kwenda mbele asingeweza kufanya lolote. Niligeuza.

Na kuna jingine, ambalo sijamwambia hata mchungaji. Nilipokuwa nageuza, nilihisi nafuu. Kabla ya huzuni, kabla ya hofu, kitu cha kwanza kilichopita mwilini mwangu kilikuwa nafuu. Kwamba sitaamka tena saa kumi. Kwamba sitalisikia tena goti lile likilia mkononi mwangu. Ilipita kwa muda mfupi kama lile lori la maziwa, lakini ilipita, na nimeishi nayo tangu siku ile.

Njiani kurudi aliniapisha. Alisema atamwambia nesi wake, Twyla, ukweli yeye mwenyewe, na alimwambia. Twyla alikuja nyumbani kesho yake na karatasi za kuacha mashine, Mama akatia sahihi kwa mkono wake, daktari akakubali, wakatuletea dawa za kutuliza maumivu. Yote yalikuwa halali na ya wazi. Ila wewe, alisema, usijue. Alisema ukijua utafikiri alichoka kukungoja. Nilimwuliza basi nikuambie nini. Akafikiri, akapigapiga dashibodi kwa glovu yake, akasema, "Mwambie gari lilikufa. Hili lilaumiwe. Gari haliumii."

Hakujua, Loren. Mama hakujua kwamba oili ile ni shauri lako. Barua yako ulinitumia mimi, na yeye siku zote alidhani ni ujanja wa Delmar. Na mimi wakati ule njiani sikufikiri mpaka huko, nilikuwa nafikiria kumfikisha kitandani.

Nilifikiri Jumapili, ulipopiga. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake nikimshikia simu. Alikuambia gari limekufa, ukamwuliza limekufa na nini. Nami nikasikia inakuja, kama mtu anavyoona glasi ikiteleza mezani na mkono wake uko mbali. Akasema, kwa sauti yake ile ya akiba, "Oili, mwanangu. Imevuja yote." Ukanyamaza. Nilikusikia unavyonyamaza mpaka huku. Kisha ukasema unampenda, na dakika zikaisha. Mama akanirudishia simu akaniuliza, "Mbona alinyamaza vile?"

Ningeweza kumwambia. Zilikuwa zimebaki siku sita. Lakini uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu kiangazi, na sikuwa na ujasiri wa kuutikisa. Nikamwambia simu ilikata. Wewe ukabaki na jiwe lako na yeye akabaki na amani yake, nami katikati nimefunga mdomo, nikiosha vikombe visivyo na uchafu.

Ulipoandika baada ya msiba ule mstari mmoja, "Dada, ilikuwa oili?", nilikujibu kwamba usiwaze hivyo. Jibu gani lile? Nilikuwa nimeapa, na niliogopa kiapo cha marehemu kuliko nilivyoogopa kimya cha aliye hai. Sasa naona nilichagua vibaya, na nimevunja kiapo. Kama Mama atakasirika, atanikasirikia mimi, nimezoea.

Nina moja la mwisho, na hili ni lako, nimekuwa nikilitunza kama kitu nilichokiiba. Alhamisi, siku mbili kabla, akili yake ilikuwa inakwenda na kurudi. Mchana nilikuwa namlowesha midomo kwa pamba. Akafungua macho akanitazama sana, akasema, "Loren?" Nilitaka kumsahihisha. Kisha nikasema, "Ndiyo, Mama." Akauliza, "Wamekuachia?" Nikasema wameniachia mapema kwa tabia njema. Akasema alijua watakuachia, ngumi ile haikuwa tabia yako, ilikuwa pombe tu. Akafumba macho, nikadhani amelala. Kumbe anawaza. Akauliza, "Umekuja na nini, na baridi hii?" Nikamwambia nimekuja na pikapu ya Baba. Akafungua macho makubwa. "Iliwaka?" Nikamwambia iliwaka mara moja, Mama, tangu uliponibadilishia oili. Hapo nilichanganya maneno, sijui nani alikuwa anasema nini. Lakini alicheka, Loren, kicheko kidogo cha puani. Akasema, "Mwanangu fundi." Hakusema tena neno refu baada ya hapo.

Nilisikia hayo kwa niaba yako na sikuwa na haki nayo. Nakurudishia.

Mama bado hajazikwa. Ardhi ni chuma kwa barafu, na majeneza ya majira haya yote yamehifadhiwa kwenye chumba cha mawe kule makaburini mpaka Mei. Mchungaji ameniuliza wimbo gani uimbwe siku hiyo, nikamwambia nitakuuliza wewe. Delmar anakusalimu. Anasema akishusha gia boksi mwezi wa Aprili angependa kujua mwalimu wenu anasemaje kuhusu sili za mpira wa kisasa, na sidhani anatania. Nesi Twyla anakusalimu. Kina mama wa kanisani wanakusalimu, wamenijazia friji lefse, zile chapati zetu za viazi, ambazo siwezi kuzimaliza peke yangu.

Jumamosi ijayo nitakuja tena. Nitafika saa nne. Kama utakataa kutoka sitakulaumu, wala kwa oili wala kwa lolote. Nitakaa pale kwenye benchi mpaka saa za wageni zitakapokwisha, kisha nitaendesha kurudi nyumbani.

Ni mimi, dada yako akupendaye,

Verna Brekke